Spika za Zamani: Jinsi ya Kutengeneza Boksi na Kulinganisha Rangi ya Pea Nzima

Picha ninazoletewa zinafanana. Spika mbili za miaka ya 1970 zimesimama ukutani, moja imeshatengenezwa, nyingine bado, na iliyotengenezwa ndiyo mbaya. Imegeuka nyekundu, inang'aa kama kabati lililotoka dukani jana, na mwenzake imebaki na rangi ya asali iliyopauka. Mwenye nazo anauliza: nipake vanishi gani ili zifanane?

Swali hilo limechelewa. Kosa lilifanyika siku ile msasa ulipotangulia kabla ya kitambaa cha kusafishia. Rangi ambayo mbao imeipata kwa miaka hamsini ya mwanga na hewa iko juujuu tu, kwenye tabaka jembamba kuliko karatasi. Ukiikwangua umeiondoa, na hakuna duka linaloiuza. Kwa hiyo hatua zote hapa chini zimepangwa kwa wazo moja: hiyo rangi ya zamani ibaki mahali pake kadiri inavyowezekana, na kipya tunachoongeza ndicho kiifuate.

Mwongozo huu ni wa boksi peke yake. Wufa (spika kubwa ya besi), twita (spika ndogo ya sauti nyembamba) na kroso (saketi inayogawa sauti kati yao) ni kazi nyingine. Nitazungumzia zaidi vinia, yaani ngozi nyembamba ya mbao halisi iliyobandikwa juu ya boksi: vinia ya mjozi, ambayo mafundi wengi huiita walinati, na vinia ya msaji, yaani tiki, maana hizo mbili ndizo zilizovishwa spika nyingi za Kiingereza, Kimarekani na Kijapani za wakati ule.

## Vifaa vya kuandaa kwanza

Kusanya kila kitu kabla hujafungua skrubu hata moja. Kazi ya gundi ikishaanza haikusubiri uende Kariakoo ukarudi.

Kusafisha:
- sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, na vitambaa vya fulana kuukuu za pamba, visivyo na rangi inayotoka
- tarpentaini lita 1, spiriti lita 1, tina ya laka nusu lita
- pamba ya chuma namba 0000, ile laini kabisa. Pamba ya chuma ya masufuria haifai, inachora

Kutengeneza:
- gundi nyeupe ya mbao, gundi ya mirija miwili inayochanganywa, na gundi ya supa iliyo nyepesi kama maji
- sindano ya hospitali yenye tundu pana, wembe mpya, kisu chenye makali ya kubadilisha, rula ya chuma
- jiriwa nne au zaidi, vipande vya mbao vilivyonyooka, na nailoni
- pasi ya nguo
- msasa namba 180, 240 na 320, pamoja na kibao cha kuufungia

Rangi na kumalizia:
- shelaki, yale magamba ya rangi ya chungwa yanayoyeyushwa kwenye spiriti. Tafuta iliyoondolewa nta
- rangi ya unga ya mbao inayoyeyuka kwenye spiriti: kahawia, njano na nyeusi zinatosha
- brashi mbili nyembamba za mchoraji
- mafuta ya kitani yaliyochemshwa, au laka pamoja na sila yake, yaani tabaka la kwanza la kuziba vitundu vya mbao. Usinunue vyote viwili sasa; hatua ya kwanza ndiyo itakayokuambia kipi kinahitajika

Ongeza glovu, miwani ya kazi na barakoa. Pata pia kipande cha vinia ya aina ileile, hata kama ni kidogo kama kiganja.

## Hatua ya 1: Tambua boksi limevaa nini

Boksi la spika ya zamani kwa kawaida ni chipubodi (ubao wa chembechembe za mbao zilizogandishwa kwa gundi) au plaiwudi iliyovikwa vinia, au chipubodi iliyovikwa karatasi ya plastiki yenye picha ya mbao. Spika nyingi za miaka ya 1980 zimevikwa karatasi hiyo ya plastiki, nayo haipigwi msasa wala haipakwi mafuta. Itazame kwa kioo cha kukuzia. Mbao halisi ina vitundu na nyuzi zinazoingia ndani. Picha ina vidoa vya wino, na ukitafuta vizuri utaona fundo lilelile limejirudia mahali pengine. Kwenye pembe, karatasi ya plastiki hupinda na kuendelea bila mshono, wakati vinia hukatika na kuonyesha ukingo wake.

Kama ni plastiki, isafishe kwa sabuni, gundisha palipobanduka, ishia hapo.

Kama ni vinia, geuza boksi ujaribu upande wa chini. Dondosha spiriti kiasi cha ncha ya kidole, subiri dakika moja, gusa. Ikinata, umepata shelaki. Isiponata, dondosha tina pembeni yake. Uso ukilainika, hiyo ni laka. Usipolainika, weka tone la maji: likizama na kuacha giza, boksi lilipakwa mafuta tu, likibaki limesimama kama shanga, kuna vanishi ngumu ya kisasa ambayo pengine mtu aliipaka baadaye.

Kwa nini ujisumbue? Mafuta juu ya laka hayaingii popote, yatakaa juu yakinata kwa wiki nzima. Na tina ikimwagwa juu ya shelaki itaivuruga yote. Andika jibu kwa penseli chini ya boksi: «vinia, mafuta» au «vinia, laka». Yafanye maboksi yote mawili. Nimewahi kukuta pea ambayo moja lilipakwa upya zamani na mwenyewe hakujua.

## Hatua ya 2: Toa spika zote ndani ya boksi

Wengi hupaona hapa ni pa kuruka, wakaziba mbele kwa gazeti. Usifanye hivyo. Nyuma ya kila wufa na twita kuna sumaku kali. Pamba ya chuma ikisuguliwa humwaga vinywele vidogo vya chuma, na sumaku huvivuta hadi kwenye ule mwanya mwembamba ambamo koili (waya uliozungushwa unaoisukuma koni, ule uso wa spika unaotikisika) hutembea. Vikishaingia humo utasikia mkwaruzo katika kila noti, na kuvitoa ni kazi ngumu mno.

Piga picha nyaya kabla ya kuzitoa. Andika kwenye tepu ya karatasi waya upi ulikuwa chanya. Shika bisibisi kwa mkono mmoja na mkono mwingine uweke juu ya koni kama ngao, kwa sababu sumaku huivuta bisibisi nayo ikateleza. Mzingo wa povu unaozunguka koni usiuguse kabisa. Wa umri huu hubomoka kama biskuti iliyoloa.

Ukiwa na Celestion Ditton 15, lile duara la tatu lisilo na waya limetengenezwa kwa povu jeupe gumu. Tina na gundi ya supa huliyeyusha. Lihifadhi chumba kingine kabisa.

Ndani utakuta pamba ya kioo au ya aina nyingine. Iache mahali pake, vaa glovu ukiigusa, kisha ziba matundu yote kwa katoni na tepu.

Umefaulu kama boksi ni tupu, kila skrubu iko kwenye kikopo chenye jina lake, na spika zimelala kifudifudi mbali na meza ya kazi, juu ya kitambaa, bila kitu kugusa koni.

## Hatua ya 3: Safisha, kisha simama utazame

Changanya matone machache ya sabuni kwenye maji ya vuguvugu. Chovya kitambaa, kamua hadi kisidondoke, futa. Badilisha kitambaa mara kinapokuwa cheusi. Maji yasisimame juu ya boksi hata kwa dakika moja, hasa kwenye kingo: chipubodi ikinywa maji huvimba, na haitarudi ilivyokuwa hata ikikauka.

Acha likauke saa chache. Halafu lowesha pamba ya chuma 0000 kwa tarpentaini usugue polepole kufuata nyuzi za mbao, kutoka mwisho hadi mwisho, kwa uzito wa mkono wenyewe bila kukandamiza. Utaona uji wa kahawia ukitoka. Ni moshi wa sigara, mafuta ya jikoni, polishi za samani za miaka yote na vumbi lililoganda. Futa kwa kitambaa safi kabla haujakauka.

Sasa tazama mbao ikiwa bado imelowa tarpentaini. Rangi unayoiona ndiyo ile ambayo mafuta au laka itakupa. Mikwaruzo iliyopotea chini ya tarpentaini itapotea pia mwishoni, haihitaji kutengenezwa. Ile iliyobaki kuonekana, izungushie alama kwa chaki. Kazi yako halisi ni hizo alama tu. Maboksi mengi ninayoletewa yangemalizikia hapa, kwa usafi na tabaka mbili za mafuta, kama mwenyewe angekuwa na subira ya siku moja.

Tahadhari: kama nyumbani kwenu palitumika polishi ya kupuliza kwenye samani, huenda imeacha silikoni. Laka ikipigwa juu yake hujikunja na kuacha vijishimo vya mviringo kama macho ya samaki. Safisha kwa tarpentaini mara mbili, kila mara kwa kitambaa kipya, kisha funga uso kwa tabaka moja jepesi la shelaki kabla ya laka.

## Hatua ya 4: Madoa ya maji

Nyumba zetu ziliweka vyungu vya maua juu ya spika. Alama hizo ni za aina mbili na dawa zake ni mbili.

Duara jeupe ni unyevu ulionaswa ndani ya laka, mbao yenyewe ni nzima. Chukua kitambaa chenye harufu tu ya spiriti, kisilowe, ukipitishe haraka juu ya duara kama mtu anayefukuza nzi. Ngoja dakika kadhaa, rudia. Likififia, acha. Kama hatua ya 1 ilikuonyesha shelaki, usitumie spiriti hapa. Sugua kwa pamba ya chuma iliyoloweshwa mafuta.

Duara jeusi limeingia ndani ya mbao. Ni chuma kilichokutana na tanini, kemikali ya asili iliyomo kwenye mbao, na klorini ya kufulia haiondoi kitu hapo, huichubua tu rangi ya pembeni. Dawa ni asidi ya oksali. Yeyusha gramu 50 kwenye nusu lita ya maji ya moto, katika chombo cha plastiki au kioo, glovu na miwani vikiwa vimevaliwa. Ni sumu, iweke mbali na watoto na uandike jina lake kwenye chupa. Paka kwenye doa kwa brashi, ngoja dakika kumi, rudia. Doa likishafifia, pitisha kitambaa chenye dawa hiyohiyo mara moja juu ya ubao mzima, la sivyo utabaki na duara jeupe mahali pa jeusi. Kisha futa kwa maji safi mara mbili, kitambaa kikiwa kimekamuliwa. Usipige msasa kabla ya kusuuza, kwa sababu vumbi la asidi hiyo hudhuru mapafu.

## Hatua ya 5: Vinia iliyonyanyuka

Gonga uso mzima kwa ukucha. Palipojaa hulia mbao, palipoachana hulia kikavu kama karatasi. Weka alama.

Jaribu pasi kwanza. Gundi nyeupe na gundi ya ngozi zote hulainika kwa joto. Weka kitambaa kikavu, pasi ya joto la kati bila mvuke, sekunde 10 hadi 15, halafu kandamiza papo hapo kwa kibao baridi mpaka papoe. Usizidishe, laka iliyo juu inaweza kutoa malengelenge.

Isiposhika, pasua uvimbe kwa wembe kufuata nyuzi, usikate nyuzi. Ingiza gundi kwa sindano, bonyeza kwa kidole ili isambae, futa inayotoka. Gundi iliyokauka juu ya mbao huzuia rangi na kuacha doa ambalo huonekana siku ya mwisho, mambo yakiwa yameshaharibika. Weka nailoni, juu yake kibao, juu yake jiriwa, na uache saa 24.

## Hatua ya 6: Mabonyeo na pembe zilizovimba

Bonyeo ambalo nyuzi zake hazijakatika huinuka kwa mvuke. Weka kipande kidogo cha kitambaa kibichi juu ya bonyeo peke yake, gusa kwa ncha ya pasi sekunde chache, inua, tazama, rudia. Nyuzi zikinywa mvuke hufutuka. Usifanye hivi karibu na ukingo wa chipubodi.

Pembe iliyovimba na kufumuka kama mkate ulioloa, iache ikauke wiki nzima. Kisha inyweshe gundi ya supa nyepesi, tone kwa tone, hadi isinywe tena. Inageuka ngumu kama jiwe. Kwa hiyo kabla haijakauka, ibane kwa jiriwa kati ya vibao viwili vyenye nailoni. Ikishakauka, jaza palipopungua kwa gundi ya mirija miwili, halafu ichonge kwa tupa hadi irudie mstari wake. Vinia ya kiraka itakaa juu yake.

## Hatua ya 7: Kiraka kisichoonekana

Hapa ndipo uzuri au ubaya wa kazi unapoamuliwa, basi tenga asubuhi nzima.

Vinia itoke wapi. Bora kuliko zote ni ya spika yenyewe. Geuza boksi: kama chini kuna vinia, ipashe kwa pasi ukaibandue kipande kwa kisu chembamba. Ni ya mti uleule, umri uleule. Kama chini ni patupu, tafuta ya kununua. Msaji hupatikana kwa urahisi Tanzania, maana tuna mashamba yake Mtibwa na Longuza. Walinati ni ya kuagiza. Mninga na mkongo ni mbao nzuri sana, lakini vitundu na mistari yao ni tofauti. Rangi ikilingana, nyuzi zitakuumbua.

Vinia mpya ya kiwandani mara nyingi ni nyembamba kuliko ya zamani. Bandika mbili, moja juu ya nyingine, kama kiraka kinazama.

Ianike juani. Walinati mpya ni kahawia ya kiza, na mwanga huipausha polepole kuelekea asali. Msaji uliokwanguliwa sasa hivi una rangi isiyotulia, yenye mabaka, na mwanga huupeleka kwenye kahawia ya dhahabu. Kwa hiyo weka kipande chako chini ya kioo, ili kisijikunje, ukiache juani siku kadhaa. Msaji hubadilika upesi, walinati inahitaji wiki. Jua la Dar es Salaam halina gharama, na hakuna rangi ya kopo inayofanya kazi hii vizuri kulishinda.

Umbo. Usikate mraba. Mstari unaokata nyuzi kwa pembe mraba huonekana kutoka mlangoni. Kata umbo la ngalawa: refu kufuata nyuzi, limechongoka pande zote mbili. Jicho hufuata nyuzi na kupita bila kukwama.

Mwelekeo wa mng'ao. Weka kiraka juu ya shimo, tazama kutoka kushoto, kisha kulia. Halafu kigeuze mwisho kwa mwisho utazame tena. Utaona kitu cha kushangaza: kipande kilekile kinang'aa upande mmoja na kuwa na giza upande wa pili, kwa sababu nyuzi zake zimelala. Chagua mkao ambao mng'ao unakwenda pamoja na boksi, weka alama ya mshale kwa penseli.

Kukata. Bandika kiraka juu ya sehemu mbovu kwa tepu, kata vyote viwili kwa pamoja, kisu kikiwa kimeinama kidogo kuelekea ndani. Pita mara tano kwa wepesi badala ya mara moja kwa nguvu. Toa kipande kibovu kwa patasi, safisha gundi ya zamani. Msaji una mafuta yake yanayoisukuma gundi, basi ufute kwa tina na uache ukauke dakika chache kabla ya kugundisha. Paka gundi chinichini, weka nailoni na kibao, bana, ngoja saa 24.

Umefaulu kama ukifumba macho na kupitisha kidole, huhisi mpaka, au unahisi kiraka kimepanda kidogo tu. Kilichozama ni kibaya, kilichopanda kinashushwa.

## Hatua ya 8: Msasa, kidogo na mahali pake

Vinia ya zamani ina unene usiofika milimita moja. Nilipoanza kazi hii nilipitisha mashine ya msasa kwenye boksi mojawapo la Ditton za marehemu baba. Kwa muda wa kuvuta pumzi mbili, ukingo wa juu ulitoboka na chembechembe za chipubodi zikatokeza, za rangi ya pumba. Kiraka cha mahali pale bado nakijua kilipo, hata kama wageni hawakioni.

Kwa mkono, basi. Msasa 240 kwenye kibao, juu ya kiraka peke yake, kufuata nyuzi. Kwenye kingo inua mkono kabla hujafika. Malizia na 320. Kama ubao mzima umeharibika na lazima usuguliwe wote, sugua ubao uleule wa spika ya pili pia, na ukubali kwamba rangi ya zamani ya pande hizo imeondoka.

## Hatua ya 9: Kulinganisha rangi

Kwanza amua ipi inamfuata nani. Unaweza kuongeza rangi, kuipunguza ni vita. Kwa hiyo spika iliyopauka, ile iliyokaa dirishani, ndiyo itakayopelekwa kwenye rangi ya mwenzake.

Fanya kazi hii kwa mwanga wa mchana unaotoka dirishani, si jua kali wala taa. Rangi mbili zinazolingana chini ya taa ya LED zinaweza kuachana kabisa asubuhi. Maboksi yakae bega kwa bega, yote yakiwa yamelowa tarpentaini, kwa sababu mbao kavu hudanganya.

Tengeneza shelaki nyepesi: gramu 100 kwa lita 1 ya spiriti, iache usiku kucha, ichuje kwa kitambaa. Weka kidogo kwenye vikombe vitatu, kila kimoja na rangi yake ya unga, kiasi cha ncha ya kisu. Zijaribu kwenye kipande cha vinia kilichobaki, hapana kwenye boksi. Andika kila mchanganyiko pembeni yake.

Kwa kiraka, tafuta rangi ya nyuma kwanza, ile nyepesi kuliko zote iliyo kati ya mistari ya mbao ya zamani. Mara nyingi ni njano ya asali yenye kahawia kidogo. Ipake nyembamba, ngoja ikauke, tazama, ongeza. Tabaka tatu hafifu zinakupa nafasi ya kuacha. Moja nzito haikupi. Rangi ya nyuma ikishakaa, chukua brashi nyembamba ukavushe mistari myeusi ya mbao ya zamani ipite juu ya kiraka, kwa mkono unaotetemeka kidogo, kwani mstari ulionyooka sana ni wa binadamu. Mistari hii ndiyo inayoficha mpaka.

Ukisita kati ya rangi mbili, chukua yenye kiza kidogo. Doa jeupe hukamatwa na jicho mara moja. Lenye kiza hudhaniwa ni la mti.

Kwa ubao mzima uliopauka, tumia shelaki ileile yenye rangi kidogo mno, ukipaka kwa kitambaa kilichokunjwa, mwisho hadi mwisho, bila kusimama katikati. Ukikosea, spiriti huondoa, ilimradi chini yake hakuna shelaki ya zamani.

Jambo moja linalowaponza wengi: kama boksi lako ni la mafuta, shelaki itayazuia mafuta kuingia. Yeyusha rangi kwenye spiriti tupu, paka juu ya mbao, ikauke, ndipo mafuta yafuate.

Wino wa unga wa sakafu, ile oksaidi nyekundu, uache. Hufunika nyuzi zote na mbao hubaki kama udongo.

## Hatua ya 10: Kumalizia

Mafuta. Changanya mafuta ya kitani yaliyochemshwa na tarpentaini, nusu kwa nusu. Yasiyochemshwa yatachukua wiki kukauka. Paka kwa kitambaa, ngoja dakika 20, kisha futa yote yaliyobaki juu hadi kitambaa kikavu kisiteleze. Mafuta yaliyoachwa juu hunata na kukusanya vumbi. Rudia baada ya siku moja, na mwambao wakati wa masika ngoja siku mbili. Tabaka tatu zinatosha.

Vitambaa vyenye mafuta ya kitani vikifinyangwa na kutupwa pipani hujipasha joto vyenyewe vikiwa vinakauka, na vinaweza kuwaka moto bila kiberiti. Vitandaze nje kimoja kimoja hadi vikakamae, au vizamishe kwenye ndoo ya maji. Usilale usiku na kitambaa hicho ndani ya nyumba.

Laka. Sila tabaka moja, msasa 320 kwa wepesi, laka tabaka mbili au tatu nyembamba. Fanya kazi nje au penye upepo, mbali na jiko. Chagua saa kavu ya mchana. Tina inapopaa hupoza uso wa mbao, na siku yenye unyevu umande hunaswa ndani ya laka ukaacha ukungu mweupe. Ukikupata, usikwangue: subiri hewa ikauke, puliza tina pekee kwa wepesi, ukungu utaondoka. Mng'ao ukizidi wa zamani, uvunje baada ya wiki moja kwa pamba ya chuma 0000 na nta. Spika nyingi za wakati ule hazikung'aa. Zilikuwa na uso mtulivu kama jiwe la mtoni.

## Hatua ya 11: Kimia na kitambaa cha mbele

Spika za Sansui na Pioneer zenye kimia cha mbao mbele, kilichochorwa kama dirisha la nyumba ya Lamu, zisafishwe kwa brashi ya meno na tarpentaini. Vijiti vyake ni vyembamba. Kikivunjika gundisha kabla kipande hakijapotea. Rangi yake iende sawa na boksi, kwa sababu ndicho mgeni anachokiona kwanza.

Kitambaa kilichopauka kinaweza kuvuliwa na kuoshwa kwa maji baridi, ingawa vingine hunywea. Kikibadilishwa, kiwe chepesi kiasi kwamba ukikiweka mdomoni na kupuliza, pumzi inapita bila kizuizi. Badilisha pea nzima.

## Kurudisha na ukaguzi wa mwisho

Ngoja harufu ya tina au mafuta iishe kabisa, angalau wiki moja, kabla spika hazijarudi ndani. Ondoa katoni, pitisha kitambaa kibichi ndani ya matundu, kisha pitisha sumaku iliyofungwa nailoni juu ya meza na boksi lote. Utashangaa vinywele vya chuma vitakavyong'ang'ania. Unganisha nyaya kwa kufuata picha yako. Kaza skrubu kwa mkono, kwa zamu, moja kisha ile inayoikabili, na uache mara zinaposhika, kwani chipubodi ya zamani huachia meno yake kirahisi.

Ziweke mahali pake pa kawaida. Zitazame saa nne asubuhi, tena saa kumi jioni, kutoka kwenye kiti unachokaa kusikiliza. Mwite mtu ambaye hakuwepo wakati wa kazi, umwambie kuna kiraka kwenye moja kati ya hizi mbili, umwache akitafute.